Cheti cha BCBA pekee hakitoshi Texas

Ndugu, umeuliza kama cheti cha BCBA (mchambuzi wa tabia aliyethibitishwa) kinatosha kuhudumia watu wazima wenye usonji Texas. Hakitoshi. Cheti hutolewa na BACB, bodi ya taaluma. Ruhusa ya kazi ni leseni ya TDLR, idara ya jimbo, nayo huhuishwa kila baada ya miaka 2. Leseni ni ileile, mteja awe na miaka 5 au 50.

Wengi hukwama kwingine. Mteja akitimiza 18, sahihi ya mama yake pale chini ya fomu ya ridhaa haina nguvu tena (na mama wengi hawalijui hili), isipokuwa mahakama imemteua kuwa mlezi wa kisheria. Mteja asaini mwenyewe. Akifika 21, haki za EPSDT (huduma za afya kwa walio chini ya miaka 21) za Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, hukoma, kwa hiyo ulizia nani atalipa kabla hujaandika mpango wa tabia.