Kabla ya kusifu michezo shuleni, pimeni uwanja

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza kama mbio na mashindano ya riadha yana nafasi katika shule ya Kikristo, au kama yanawapotezea watoto muda wa masomo na wa sala. Hapa Lubumbashi swali hilo lilijibiwa zamani. Mazembe, timu ya mpira inayojaza uwanja wa Kamalondo, ilizaliwa 1939 mikononi mwa watawa Wabenedikti wa shule ya Institut Saint-Boniface, ikiitwa Saint-Georges. Hata maneno ya Olimpiki, Citius, Altius, Fortius (kasi zaidi, juu zaidi, nguvu zaidi), kabla Coubertin, mwanzilishi wa Olimpiki ya kisasa, hajayachukua 1894, yalikuwa ya padri Henri Didon, Mdominiko aliyeongoza shule huko Arcueil, Ufaransa. Na anayetuletea barua kwa Timotheo, kwamba mazoezi ya mwili yafaa kidogo, asisahau kwamba Wakorintho nao walifundishwa imani kwa mfano wa wapiga mbio. Nafasi ipo. Kinachouma ni namna mbio zenyewe zinavyoandaliwa.

Kulikuwa na mashindano ya shule za makanisa hapa mjini, siku ya posho (Jumamosi), mwezi wa kumi, wakati joto letu liko juu kabisa. Uwanja ulipendeza: mzunguko wa mita 200, njia nne zenye upana wa mita 1, mistari ya majivu ya makala (mkaa) ikionekana vizuri juu ya udongo mwekundu. Ikafika fainali ya wasichana, mita 200, kila mmoja na njia yake mpaka mwisho. Wote wanne wakapangwa kwenye mstari mmoja wa kuanzia, bega kwa bega. Filimbi ikalia.

Sasa fanyeni hesabu. Kila njia ya nje huongeza mita 6.28 kwa mzunguko mzima, yaani pai mara mbili, mara upana wa njia. Wa kwanza alikimbia mita 200, wa pili 206, wa tatu 212 na nusu, wa nne karibu 219. Msichana wa njia ya nne alifika wa tatu, hatua mbili tu nyuma ya mshindi. Kwa mwendo wa sekunde 30 kwa mita 200, zile mita 19 za ziada ni karibu sekunde 3. Aliwashinda wote, na shuleni kwao alirudi kama mtu aliyeshindwa. Njia ya ndani ilikuwa ya shule mwenyeji, wala kura haikupigwa. Mwalimu mmoja wa michezo alipeleka hesabu hiyo kwenye meza ya waamuzi, imeandikwa kwenye karatasi. Akaambiwa matokeo yameshatangazwa na mchungaji anangoja kufunga kwa sala. Tuzo ilikuwa Biblia. Ndani ya Biblia hiyo, Mithali 11 inaanza kwa kulaani mizani ya hadaa, na wale watoto wanaisoma kalasini (darasani).

Dawa yake haihitaji mfadhili. Pigilia vigingi viwili vya katikati, umbali wa mita 45. Chukua waya mwembamba; kamba ya nailoni huvutika na kukupotezea nusu mita bila wewe kujua. Kutoka kila kigingi chora nusu duara la mita 17.31, huo ndio mstari wa ndani kabisa. Halafu ongeza mita 1 kila mara: 18.31, 19.31, 20.31, na wa mwisho 21.31. Mkimbiaji hupimwa sentimita 20 nje ya mstari wa ndani wa njia yake, kwa hiyo njia ya kwanza inatoa mita 200 kamili. Pembe za mraba, pale nusu duara zinapoungana na mistari iliyonyooka, zihakikishwe kwa pembetatu ya mita 3, 4 na 5, maana hapo ndipo wengi wanapokosea na mzunguko unakuwa yai. Uwanja wote unakula mita 88 kwa 43, kwa hiyo kiwanja cha mpira kinatosha. Mwanzo wa njia ya pili usogezwe mbele mita 6.28, wa tatu 12.57, wa nne 18.85, vikipimwa kwa kufuata mpindo wa njia yenyewe. Mstari wa kumalizia unabaki mmoja.

Yako mengine. Msichana akatazwaye kaptula na kanisa lake ashonewe sketi yenye kaptula ndani, asiachwe pembeni. Mashindano ya posho yanawafungia nje Waadventista, ya siku ya Mungu (Jumapili) yanawafungia nje waliobaki; siku ya tano (Ijumaa) mchana inawafaa wote, mradi mwisho uwe kabla jua halijazama. Na ngurumo ikisikika, kila mtu aingie ndani, asirudi uwanjani mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Nimeanza barua hii nikitetea mashindano, lakini nikiitazama tena ile fainali siwezi kuyatetea yote. Shule isiyo na utepe wa kupimia, isiyo na maji ya kuwapa watoto, na yenye waamuzi wasiokubali kusahihishwa, iache mashindano ya mzunguko mwaka huu na ilinde saa ya mazoezi ya kila kalasi. Shule za msingi zimefurika tangu elimu yake iwe bure hapa Kongo 2019, ila watoto 60 wanawezekana: mistari 10 ya watoto 6, kwenda mita 30 na kurudi, kijiti kikipita mkono kwa mkono. Kijiti ni kipande cha bomba la plastiki la milimita 40, urefu sentimita 30. Anayengoja zamu yake hangoji zaidi ya dakika moja na nusu hivi, na hakuna anayekaa kuwa mtazamaji mpaka kengele.

Hata hivyo sitaki prefe (mkuu wa shule) yeyote wa mitaa yetu ya Katuba au Ruashi aitumie barua hii kufuta michezo. Mita 60 za mstari mnyoofu hazina hesabu ya njia, zinahitaji tu mwanzo mmoja na mwisho mmoja. Na shule yenye uwanja na mwalimu aliyesomea kazi hii, ishindane hata mita 200, mradi kura ya njia ipigwe mbele ya wakimbiaji wote na karatasi ya malalamiko ipokewe kabla tuzo hazijatolewa.