Maswali ya Wasomaji: Simu imerudi na ubovu ule ule, sasa wanasema iliingia maji

SWALI: Mhariri, nilinunua simu ya shilingi 18,500 katika duka moja hapa mjini Nakuru, ikiwa na waranti ya miezi 12. Mwezi wa saba ikakataa chaji. Duka limeipeleka kwa mafundi wa kampuni mara mbili, ikarudi vile vile. Safari ya tatu naambiwa iliingia maji, waranti imekufa, nilipe 6,000 za bodi mpya. Simu hii haijaguswa na maji. Dukani wanasema hayo ni mambo ya kampuni. Nifanyeje?
Msomaji, Free Area, Nakuru

JIBU: Anza na duka. Aliyepokea pesa zako ndiye mliyepatana naye, na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inamdai yeye ubora wa alichouza. Waranti ya kampuni ni nyongeza juu ya haki hiyo, haiifuti. Kwa hiyo "mambo ya kampuni" si jibu, usilikubali.

Sasa hayo maji. Simu nyingi zina kibandiko cheupe ndani, mara nyingi karibu na tundu la laini, ambacho hugeuka chekundu au waridi kikilowa. Fundi akikiona chekundu huandika "maji", kazi ikaishia hapo. Lakini kibandiko kinasema tu kwamba unyevu ulifika mahali pale. Hakisemi kwamba ndio ulioua chaji. Omba picha ya bodi ikiwa wazi: maji yaliyoleta hasara huacha kutu ya kijani au ukungu mweupe kwenye viungo. Kisha tafuta karatasi za zile safari mbili za kwanza. Ikiwa mafundi waliifungua simu mara mbili wasiandike neno maji, waeleze yaliingia lini, maana simu ilikuwa ikishinda kwao.

Hata hiyo bodi ya 6,000 inahitaji maelezo. Katika simu nyingi za Android, mdomo wa chaji umekaa kwenye bodi ndogo upande wa chini, iliyounganishwa na bodi kubwa kwa waya bapa. Mdomo uliojaa vumbi au kulegea, waya huo, betri: hivyo ndivyo hupimwa kabla bodi kubwa haijalaumiwa. Uliza kila kimoja kilipimwa vipi na majibu yalikuwa gani.

Usiondoke pale bila karatasi. Wakikataa kutengeneza, waandike sababu, tarehe, na namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yako (bonyeza *#06# kuiona, kama simu haiwaki, iko kwenye boksi). Wakigoma kuandika, watumie ujumbe wa WhatsApp siku hiyo hiyo ukieleza walichokuambia. Risiti ikipotea, ujumbe wa M-Pesa wa siku uliyolipa unasaidia.

Baada ya hapo liandikie duka barua, ulipatie muda wa siku 14: litengeneze bure, libadilishe, au lirudishe 18,500. Baki na nakala iliyogongwa muhuri au kutiwa sahihi na aliyeipokea. Siku zikipita, nenda Mahakama ya Madai Madogo katika majengo ya mahakama hapo Nakuru. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, unaweza kujitetea mwenyewe bila wakili, na sheria inataka hukumu itolewe ndani ya siku 60 tangu kesi ifunguliwe. Usilipe zile 6,000 kwanza kwa matumaini ya kurudishiwa. Na tafadhali, usimpe fundi wa mtaani aifungue sasa hivi; utakuwa umewapa sababu waliyokuwa wakiitafuta.

SWALI: Fundi mmoja hapa Kondele alinibadilishia kioo kwa 3,500. Wiki mbili tu, tachi imekufa upande mmoja. Anakataa kuiangalia, ananionyesha risiti: "Hakuna waranti, pesa hairudishwi."
Msomaji, Kisumu

JIBU: Maneno hayo hayamkingi. Sheria ya Kulinda Watumiaji, Na. 46 ya 2012, kifungu cha 5, inahesabu kwamba kila anayetoa huduma ameihakikishia ubora unaofaa, na sharti lolote la kukana hilo ni batili, hata likipigwa chapa kwenye risiti.

Ila kagua kioo kwanza. Kikiwa na ufa, au doa jeusi kama wino uliomwagika, kimebanwa au kimeanguka, na hapo madai yako ni dhaifu. Kikiwa kizima huku tachi imekufa ukanda mmoja, mara nyingi ni kiunganishi ambacho hakikukaa sawasawa, waya bapa uliokunjwa wakati wa kufunga, au kioo cha kuiga cha bei ya chini. Kukibana tena kiunganishi ni kazi ya dakika chache. Mwombe afanye hilo ukiwa umesimama pale. Toa laini na memori kadi kabla hujamkabidhi, na PIN ya M-Pesa usimtajie.