Kompyuta kuukuu Mombasa: kabla hujaichomeka ukutani

Ukipata kompyuta ya 386 au 486 (majina ya chipu zake kuu) iliyolala stoo tangu miaka ya 1990, mkono utakuwasha uichomeke uone kama ingali hai. Usiichomeke. Mashine iliyokaa pwani miaka 30 imekunywa chumvi na unyevu, na nyingi hazifi stoo. Hufa siku ile zinapowashwa.

Fungua kasha. Karibu na tundu la kibodi tafuta betri ya mfano wa pipa, ya buluu au kijani, iliyoandikwa 3.6V. Ni ya nikeli na kadimiamu, na maji yake ni alkali. Ikizeeka huvuja, na yale maji hutambaa chini ya rangi ya bodi, lile bamba lenye chipu, yakila njia za shaba. Utaona unga mweupe au wa kijani miguuni mwake, na lehemu ya jirani imepoteza mng'aro ikawa kijivu. Hata kama haijavuja, itoe tu.

Kata miguu kwa koleo dogo, kisha yeyusha visiki vilivyobaki. Lehemu iliyolika hukataa kuyeyuka mpaka uiongezee mpya juu yake, kwa hiyo usikandamize chuma cha moto kwa hasira, utang'oa shaba. Halafu chukua mswaki mkuukuu na siki nyeupe, isiyo ya viungo, usugue palipolika. Mara nyingi patatoka povu. Rudia mpaka likome. Suuza kwa maji ya betri ya gari, yale safi, si asidi. Maji ya kisima usiyaguse kabisa: visima vingi vya kisiwani vina chumvi, utakuwa umetoa alkali ukatia adui mwingine. Malizia na spiriti ya isopropili ya asilimia 99, uache bodi mbele ya feni usiku kucha. Spiriti ya duka la dawa haifai. Baadhi yake hutiwa mafuta, na mafuta hubaki juu ya bodi.

Sasa pima kila njia ya eneo lile kwa mita ya umeme iliyowekwa kwenye mlio, ile inayolia njia ikiwa nzima. Iliyokatika iunge kwa uzi mmoja wa waya mwembamba. Bila betri mashine itasahau saa na aina ya hadidiski, kwa hiyo weka kishikio cha betri 3 za AA, mbali na bodi, na katika waya wa chanya tia dayodi 1N4148, kijidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu, mstari wake ukielekea bodi. Dayodi si pambo. Bodi nyingi hujaribu kuchaji betri, na AA za kawaida zikichajiwa huvuja, ukarudi ulikoanzia.

Kisha pawasaplai, lile sanduku la bati linalopokea umeme wa ukutani. Nyuma pana swichi ya 115/230. Mashine iliyotoka Marekani huenda bado iko 115, na umeme wetu ni volti 240: kishindo kimoja, fyuzi na kapasita (vifaa vinavyohifadhi umeme) zimekwenda. Isiyo na swichi, na lebo yake inasema 110 au 115 tu, inahitaji transfoma ya kushusha. Ukitaka kuingia ndani, ichomoe, iache siku nzima, na bado upime kwa mita, maana kapasita kubwa huweza kubaki na zaidi ya volti 300. Ndani angalia kapasita ya manjano yenye ganda la kupitisha mwanga, lililojaa nyufa kama utando wa buibui. Nyingi zimeandikwa RIFA. Ni za karatasi. Unyevu huingia kwa nyufa, na muda mfupi baada ya kuwashwa hutoa moshi wa kunuka nyumba nzima. Badilisha kwa aina ya X2, thamani ileile, volti 275 AC. Kapasita ya kawaida usiikubali, hata fundi wa redio akikuapia. Haikutengenezwa kukaa kwenye umeme wa ukutani.

Pawasaplai nyingi za wakati huo haziwaki tupu, zinataka mzigo, basi zifungie hadidiski chakavu. Waya mwekundu usome kati ya volti 4.75 na 5.25, wa manjano karibu na 12. Plagi mbili za bodi, P8 na P9, zinaingiana hata ukizigeuza, na ukizigeuza umeunguza bodi. Waya nyeusi zikutane katikati.

Ikiwaka ikakaa kimya bila kuonyesha kitu, usikimbilie kununua chipu. Bonyeza kwa kidole gumba kila chipu iliyo kwenye soketi, chomoa memori na kadi, sugua meno yake kwa raba ya penseli, pangusa kwa spiriti, rudisha. Mara nyingi ugonjwa wote ni kutu.

Flopi nazo, kabla ya kuiingiza yoyote, sukuma kifuniko chake cha bati uzungushe diski kwenye mwanga. Ukiona madoa ya ukungu iweke kando. Ikiingia, itachafua kichwa cha draivu, na kichwa kitakwaruza kila flopi utakayoiweka baada yake.

Msimu wa kusi weka mashine mbali na dirisha la upande wa bahari, flopi ndani ya ndoo yenye kifuniko cha kubana pamoja na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu, na uwashe mashine nusu saa kila wiki ipate joto.