Hereni ya ng'ombe haina betri: umeme inaupata wapi?

SWALI: Ng'ombe wangu wamevishwa hereni za kielektroniki. Aliyewavisha alisema hazina betri, lakini jirani yangu anashikilia kwamba ndani mna kitu kinachoonekana kwa setilaiti, kwa hiyo ng'ombe akiibwa atapatikana. Nilijaribu kuisoma kwa simu, ikagoma. Siku ya josho nayo, mashine ya mtaalamu ilisoma wengine mara moja, wengine ikahangaika nao sana. Naomba kueleweshwa. (Mfugaji, Dodoma)

JIBU: Ndugu mfugaji, nianze na la jirani, maana linaweza kukupotezea mifugo. Hereni hiyo haiwezi kukuonyesha ng'ombe alipo. Ikiwa mbali na mashine ya kuisomea haina umeme hata chembe, na kisicho na umeme hakitumi habari popote. Ulinzi wa zizi usiulegeze.

Aliyekwambia haina betri alisema kweli. Ndani ya plastiki ile mna waya mwembamba wa shaba uliozungushwa mara nyingi kuwa koili, kapasita (kifaa kidogo kinachotunza umeme kwa muda), na chipu ndogo kama punje ya ulezi. Mashine nayo ina koili yake, inayopitisha mkondo unaokwenda na kurudi mara 134,200 kwa sekunde, yaani kilohezi 134.2. Mkondo huo unazaa uga wa sumaku, yaani eneo linalofikiwa na nguvu ya sumaku, unaopanda na kushuka kwa kasi hiyo hiyo, na uga ukipenya koili ya hereni, umeme unazaliwa humo. Transfoma ya kwenye nguzo hufanya kazi hivyo hivyo: koili mbili zisizounganishwa kwa waya, moja inaipa nyingine umeme. Ila transfoma ina chuma katikati cha kuuongoza uga. Hapa kuna hewa tu, na sehemu kubwa inapotea. Ndiyo maana kapasita ipo. Ikishirikiana na koili huitikia masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde) yale yale ya mashine, kama bembea inayosukumwa kila inaporudi, mpaka msukumo mdogo unakuwa mkubwa. Chipu inaunyoosha umeme huo uwe wa upande mmoja, inaamka.

Sasa inajibuje, na nguvu yenyewe ni ya kuazima? Hapa ndipo ninapowavulia kofia waliobuni kitu hiki. Umewahi kuchomeka pasi kwenye jenereta ndogo? Inaguna, kwa sababu imetwishwa mzigo. Chipu hufanya hivyo hivyo: inajitwisha mzigo na kuutua, kwa mpangilio unaofuata namba yake. Kila inapojitwisha, koili ya mashine inahisi badiliko dogo mno, na mashine inayasoma mabadiliko hayo kama herufi. Hata saa ya kupangia maneno yake chipu haina. Inahesabu mitetemo ya uga wa mashine, kila mitetemo 32 biti moja, yaani 0 au 1. Ujumbe mzima ni biti 128, kwa hiyo unarudiwa kama mara 30 kwa sekunde. Ipo aina nyingine ambayo hujaza kapasita kwanza, husubiri mashine inyamaze, kisha hutangaza namba yake kwa akiba hiyo.

Kinachosemwa ni tarakimu 15 tu. Tatu za mwanzo ni namba ya nchi (Tanzania 834, Kenya 404), au ya kiwanda, inayoanzia 900. Jina lako, umri wa ng'ombe na chanjo zake vimo kwenye kumbukumbu za ofisini, sikioni havimo.

Simu yako haina kosa. Kisomeo cha simu hutumia megahezi 13.56, masafa ya kadi za benki na za milangoni, karibu mara 100 ya yale ya hereni. Kwa wanyama yalichaguliwa masafa ya chini kwa sababu maji, matope na nyama haviyazuii sana.

Kuhusu ng'ombe waliosumbua siku ya josho, kwanza angalia umbali. Koili ikishakuwa mbali kidogo, ukiongeza umbali mara mbili uga unabaki sehemu moja ya nane. Anayerusha kichwa pembeni anaweza kutoka kwenye uga kabisa. Pili, mkao: uga lazima upenye katikati ya duara la hereni, na sikio likigeuka ubavu, unapita pembeni bila kuzaa umeme wa kutosha. Tatu ni mabomba ya chuma ya kibanio (njia nyembamba ya kumbania ng'ombe), yanayounyonya uga na kuvuruga masafa ya koili. Nimeona pia inveta ya sola ikizima usomaji kwa kelele zake. Ilipohamishwa, mashine ikasoma. Na ng'ombe wawili wakibanana masikio, chipu zote mbili zinasema kwa pamoja na mashine haimwelewi yeyote, kwa sababu hereni hizi hazina utaratibu wa kupokezana zamu.

Kwa hiyo wapitishe mmoja mmoja, na mashine isogezwe usawa wa sikio, mbali na bomba. Akisumbua bado, mwombe mtaalamu asome hereni mpya aliyonayo mkononi, mahali pale pale. Hiyo ikisoma na ya ng'ombe isisome hata ikigusana na mashine, koili yake huenda imekatika, na dawa ni kuibadilisha.