Noti juu ya noti

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: ukipewa okestra nzima ya simfoni na wapiga solo wawili wa kutajika kwa jioni moja hapa Dar es Salaam, utaiweka wapi na itapiga nini? Mimi ni fundi cherehani, muziki sikuusomea. Lakini swali hili ninalo moyoni tangu siku niliyonyamazishwa.

Mteja wangu mmoja alikuwa na tiketi mbili, mumewe akapata safari, akaniambia, "Fundi, gauni umelishona wewe, twende ukalione likivaliwa." Okestra yenyewe ilikuwa ndogo, watu ishirini na kitu, wageni wamechanganyika na vijana wetu. Binti mmoja akasimama mbele na fidla. Wakapiga konseto ya Beethoven, mtunzi Mjerumani wa zamani. Konseto ni kazi ambayo chombo kimoja kinajibizana na okestra yote. Inaanza na ngoma peke yake, inagonga taratibu kama mtu anayebisha hodi usiku na hataki kuamsha watoto. Binti anasimama tu, fidla kaishusha, dakika zinapita, nikaanza kumhurumia. Alipoipandisha begani nilisahau hata viatu vilivyokuwa vikinibana. Karibu na mwisho wa sehemu ya kwanza wenzake wote wakanyamaza, akabaki yeye na nyuzi zake nne, anapanda, anashuka, anavuta nyuzi mbili kwa mpigo mmoja. Kisha okestra ikampokea polepole, wakafunga pamoja.

Nikapiga makofi. Peke yangu, ukumbi mzima! Bwana wa kiti cha mbele akageuka, akaniwekea kidole mdomoni kama anavyofanyiwa mtoto msikitini. Nikaikunja mikono mapajani, na sehemu mbili zilizobaki sikuzisikia vizuri.

Mjue kwamba mimi ni mtoto wa mpiga fidla. Marehemu baba alipiga taarab hapa mjini, enzi za Egyptian na Al-Watan, vikundi vilivyougawa mji kama Simba na Yanga. Yeye alikuwa kwenye kikundi kidogo cha mtaani, lakini fidla ni fidla. Katika taarab msikilizaji aliyefurahi hangoji wimbo uishe. Mama ananyanyuka kitini, anakuja akijitingisha na pesa mkononi, anamtuza mwimbaji katikati ya ubeti, anarudi kukaa. Mpiga fidla hana mkono wa kupokelea, kwa hiyo baba walimbandika noti kwenye paji la uso, jasho likaishika, naye hakosi hata mpigo mmoja. Asubuhi mama alizianika juu ya meza zikauke. Na ukumbi ukikolea watu wanaita "Rudia!", nao wanarudia. Mwimbaji Umm Kulthum kule Misri alikuwa na fidla safu kwa safu nyuma yake, na mstari mmoja aliurudia kadiri watu walivyomwomba. Hakuna aliyewekewa kidole.

Basi nikamwambia mjukuu wangu anitafutie kwenye simu: huyu Beethoven naye alikuwa akipigiwa kimyakimya? Tukakesha. Konseto ile ile ilipigwa mara ya kwanza Vienna tarehe 23 Desemba 1806, mpigaji akiwa Franz Clement. Tangazo la jioni ile lilisema Clement atapiga pia kipande chake mwenyewe kwa uzi mmoja tu, fidla ikiwa imegeuzwa juu chini. Kwa lugha yetu, mbwembwe!

Tukarudi nyuma zaidi. Mwaka 1778 mtunzi Mozart alikuwa Paris, akamwandikia baba yake barua juu ya simfoni yake mpya, yaani kazi ndefu ya okestra nzima. Katikati ya sehemu ya kwanza aliweka kipande alichojua kitawapendeza watu, na kweli wakapiga makofi palepale muziki ukiendelea. Kwa kuwa alilitegemea hilo, kipande hicho alikuwa amekirudisha tena kuelekea mwisho. Muziki ulipoisha akaenda kula aisikrimu na kusali rozari aliyokuwa ameiwekea nadhiri. Huyu ningemwelewa bila mkalimani.

Tabia ya kukaa kimya hadi mwisho ilishika mizizi baadaye, karne ya 19 ikielekea kuisha. Sisemi ni mbaya. Kuna muziki mwembamba ambao kikohozi kimoja kinauharibu, na baba mwenyewe alikuwa mkali kwa wanaoongea wakati wa bashraf, kile kipande cha taarab kinachopigwa kwa vyombo tu bila mwimbaji. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba aliyefurahi mapema hana adabu.

Sasa programu yangu. Kwanza konseto ya fidla ya mtunzi Mendelssohn, ile ya mwaka 1845. Huyu bwana alichoka na makofi ya katikati, akashona sehemu zote tatu ziwe nguo moja. Sehemu ya kwanza ikiisha kwa kishindo, basuni moja, chombo cha kupuliza chenye sauti nzito, inabaki imeshikilia noti yake wakati wengine wote wamekwisha nyamaza, na juu ya uzi huo mwembamba sehemu ya pili inaanza. Mimi fundi, mshono nikiuona naujua, na huu hauonekani hata ukigeuza nguo nje ndani. Hapo nitanyamaza kwa hiari yangu, kwa sababu ameniomba kwa ufundi.

Mpiga solo wa pili atatoka Unguja na kanuni yake, kile chombo cha taarab kinacholazwa mapajani, chenye nyuzi zaidi ya 70. Watu wapo: kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa kilianzishwa mwaka 1905, na chuo cha muziki cha Dhow Countries kinafundisha vijana tangu 2002. Apige bashraf pamoja na fidla za hao wageni na ndugu zake wakubwa, chelo na dabo besi. Mapiano hatutayahitaji, na obo (zumari ya Kizungu) na filimbi zipumzike, kwani sauti zile za robo robo za maqam, yaani ngazi za sauti za Kiarabu, zinazipa taabu. Fidla haina vipande shingoni kama gitaa. Kidole kinapotua ndipo sauti ilipo, kwa hiyo itaifuata kanuni popote. Mjukuu wangu anamtaka na Sheku Kanneh-Mason, kijana wa Uingereza mpiga chelo aliyeshinda shindano la BBC la wanamuziki vijana mwaka 2016. Nimemwambia swali linasema wapiga solo wawili. Amenuna.

Mwisho, Simfoni ya 7 ya Beethoven. Ilipotoka Desemba 1813, kwenye tamasha la kuwachangia askari waliojeruhiwa vitani, watu waliipenda sehemu ya pili kiasi kwamba ilibidi irudiwe usiku uleule. Ni mwendo mmoja tu, mrefu mfupi mfupi, mrefu mrefu, unaanzia kwa nyuzi nene chini na kujaa kidogo kidogo mpaka nywele zinasimama. Nitamwomba kondakta, yule anayeongoza okestra (mjukuu wangu kila akisikia neno hili anacheka, anamwona mtu ananing'inia mlangoni anaita "Gongo la Mboto, Gongo la Mboto") akubali jambo moja: tukiita "Rudia!", warudie.

Ukumbi umenisumbua kuliko nyimbo. Moyo wangu uko bustani ya Karimjee, mwezi wa Julai, joto limepungua na miti ile mikubwa. Lakini Kusi ikivuma karatasi zote za muziki zitaruka hadi Posta, itabidi kila mpigaji apewe vibanio vya nguo. Na kunguru wa mjini jioni hawajui simfoni. Tena fidla bila maiki nje haifiki mbali, sauti inataka ukuta wa kuirudisha. Basi Diamond Jubilee, Upanga. Wengi wetu tumeshaingia pale kwa harusi au mahafali, hakuna atakayetetemeka mlangoni akijiuliza kama amevaa sawa. Ianze saa mbili na nusu usiku, Isha imekwisha swaliwa.

Na milango ifunguliwe mapema, watu wawaone wakirekebisha vyombo. Obo inatoa noti moja, wenye nyuzi wanazikaza au kuzilegeza kuifuata. Kikundi cha baba kilifuata akodiani, kwa sababu akodiani huwezi kuikaza wala kuilegeza ukiwa jukwaani. Ilivyoamka ndivyo ilivyo. Sauti ile ya fidla nyingi zikitafutana ndiyo iliyokuwa ikinilaza utotoni, nyuma ya pazia, kichwa changu kwenye mfuko wa fidla mtupu.

Kutuza kutaruhusiwa. Kwa kuwa wageni huenda wasipende kubandikwa pesa usoni, tutaziweka kwenye stendi zao, noti juu ya noti, ila mtuzaji asizibe mstari unaopigwa. Yule bwana wa kidole naye nitamkatia tiketi, kiti cha mbele yangu.

Fundi cherehani, Ilala Bungoni