Samadi ya Nguruwe Ikishapita Kwenye Bayogesi, Nguvu Yake Huenda Wapi?

SWALI: Mimi ni mama mfugaji wa Njoro, Kaunti ya Nakuru. Nina nguruwe 14 na mtambo mdogo wa bayogesi. Katika semina tulionyeshwa chati ya nchi za Ulaya na Uchina, ikieleza jinsi naitrojeni, kirutubisho kinachokuza majani, inayopotea kutoka kwenye samadi ya nguruwe iliyosindikwa ilivyobadilika tangu miaka ya 1990. Nilishangaa, kwa kuwa nilidhani samadi ikishasindikwa haipotezi kitu. Hata hivyo, mahindi niliyoyamwagia slari, yaani uji wa samadi unaotoka mtamboni, kwa ndoo wakati wa jua kali yamekuwa na majani ya manjano upande wa chini, manjano inayoanzia nchani na kuingia katikati ya jani. Je, mtambo ndio unaokula mbolea yangu?

JIBU: Mama, ahsante kwa kuyatazama majani hayo kwa makini, kwa maana manjano inayoanzia kwenye ncha ya jani la chini na kufuata mshipa wa kati kwa umbo la herufi V ni dalili ya mmea uliokosa naitrojeni. Mtambo, hata hivyo, hauna hatia. Ndani ya tangi lililofungwa vizuri, karibu naitrojeni yote hubaki, kwa sababu gesi unayopikia ni methani, nayo methani haina naitrojeni. Kinachobadilika ni hali yake: ile iliyokuwa imeshikwa ndani ya mabaki ya chakula huvunjwa ikawa amonia iliyoyeyuka majini, ambayo mizizi huifaidi upesi, lakini jua na upepo pia huichukua upesi. Isitoshe, slari inayotoka ina asidi kidogo kuliko samadi mbichi, na kadiri asidi inavyopungua ndivyo amonia inavyogeuka kuwa gesi kwa wepesi zaidi. Ile harufu inayokuchoma macho unapofunua shimo la slari asubuhi ndiyo mbolea yenyewe ikiondoka.

Tupime hasara hiyo kwa magunia. Gunia la kilo 70 la chakula chenye protini asilimia 16 lina naitrojeni ipatayo kilo 1.8, na nguruwe anayekua hubakiza mwilini takriban theluthi moja tu. Zinazobaki, kama kilo 1.2, hutoka kwenye mkojo na kinyesi. Magunia 11 ya chakula, basi, huacha bandani naitrojeni inayolingana na ile ya mfuko mmoja wa kilo 50 wa mbolea ya dukani ya CAN, ambao una kilo 13 za naitrojeni. Mfuko huo umekwisha kuulipia uliponunua chakula, na inaniuma kuona wafugaji wakiulipia tena dukani.

Sasa kuhusu ile chati. Uholanzi imepunguza amonia yake kwa zaidi ya nusu tangu 1990, na wengi hudhani kwamba ni mitambo iliyofanya kazi hiyo. Kwa kweli, sehemu kubwa ilitokana na mambo ya kawaida kabisa: mashimo ya samadi yalifunikwa, kisha sheria ikakataza kuirusha samadi hewani na kuwataka wakulima waiingize ardhini. Denmark ilianza mpango wake wa kulinda maji mwaka 1987, na baadhi ya wafugaji wake huongeza asidi ya salfa kwenye samadi ili amonia isigeuke gesi; hilo nakuomba usilijaribu nyumbani, kwa kuwa asidi hiyo huunguza ngozi na inaweza kufumua gesi ya sumu. Uchina, yenye karibu nusu ya nguruwe wote duniani, ilipitia njia nyingine. Zamani samadi ya kila boma ilirudi shambani mwa boma hilo hilo, lakini mashamba makubwa ya nguruwe yalipotenganishwa na mashamba ya mimea, sehemu kubwa iliishia mitoni, hadi kanuni za kudhibiti uchafuzi wa mifugo zilipoanza kutumika Januari 2014.

Ukisoma chati za namna hiyo, uliza kwanza hasara imepimwa mpaka wapi. Nchi inayohesabu kinachopotea bandani na shimoni pekee itaonekana imefanikiwa, ilhali amonia iliyookolewa shimoni imeponyoka siku ya kumwaga shambani. Ndivyo ilivyokuwa kwako.

Kwa hiyo funika shimo la slari kwa mabati au turubai. Wakati wa kutumia, chimba mfereji wa kina cha kiganja kando ya mstari wa mahindi, mimina slari jioni au siku ya mawingu, na uufukie papo hapo kabla ya kwenda kuchota ndoo nyingine.

SWALI: Mimi niko Kano, Kisumu, na sina mtambo; hurundika samadi ya nguruwe iwe mboji. Je, nami hupoteza?

JIBU: Ndiyo, ndugu, na huenda unapoteza kuliko mama wa Njoro, kwa sababu joto la huko chini huharakisha amonia, na kila unapogeuza rundo bichi hutoka nyingine. Changanya samadi na mabua yaliyokatwakatwa au maranda kwa wingi, ili vijidudu vipate kaboni ya kutosha na kuishika naitrojeni mwilini mwao. Rundo likinuka amonia, ongeza mabua siku hiyo hiyo. Liweke pia chini ya paa. Mvua ikilipiga rundo lililoiva huondoka na naitreti, yaani naitrojeni iliyoyeyuka majini, ambayo haina harufu wala rangi, nayo kwenu hufuata mitaro hadi Ghuba ya Winam na kulilisha gugumaji. Rundo likiwa kwenye mteremko, chimba mfereji upande wa juu ili maji ya mvua yalizunguke.