Shukrani inayojua njia ya kurudi

"Shangazi, shikamoo. Nina umri wa miaka 36. Mama yangu alifariki miaka miwili iliyopita baada ya kuugua mwaka mzima, nami ndiye niliyemuuguza. Tangu tumzike, nikipiga magoti kusali sipati neno. Wenzangu kanisani huniambia nishukuru kwa kila jambo, kwa hiyo kila usiku naandika katika daftari mambo matatu ya kumshukuru Mungu, lakini siku hizi ni yale yale: uhai, afya, kazi. Nafunga daftari nikijiona mnafiki. Sina rafiki wa karibu. Hata jirani aliyekuwa akija kila Jumamosi jioni kukaa na mama ili mimi nilale kidogo, ambaye sisahau alivyokuwa akipanga ndala zake mlangoni na kukifunika kikombe cha mama kwa kisahani, sijamtembelea tangu msiba. Je, imani yangu imekufa?"

Marahaba, mwanangu, na pole sana. Mtu ambaye imani yake imekufa hapigi magoti kila usiku kwa miaka miwili mahali asipopata neno. Wewe unaomboleza, na maombolezo yana nafasi yake katika sala tangu zamani. Fungua Zaburi ya 88 uisome mpaka mwisho, uone kwamba haimalizikii katika shukrani wala faraja. Inamalizikia gizani, na hata hivyo waliozikusanya Zaburi hizo 150 hawakuiondoa. Mume wangu alipofariki, kwa miezi kadhaa kila nilipofumba macho kusali lilikuja jina lake tu, basi nikawa naisoma Zaburi hiyo kwa sauti, kwa kuwa aliyeitunga alikwisha kusema niliyoshindwa kuyasema. Nawe usijilazimishe kutunga maneno. Soma ya wengine, au nyamaza, kisha inuka ukalale.

Kuhusu wenzako wa kanisani, naamini wanakutakia mema, ila agizo lenyewe wamelibebesha uzito lisiokuwa nao. Mtume Paulo alipowaandikia Wathesalonike juu ya kushukuru, maneno yake ya Kigiriki yana maana ya kushukuru katika kila hali. Hutakiwi kushukuru kwa sababu mama yako aliteseka. Katikati ya mateso yale palikuwa na mtu aliyefunika kikombe, na kwa hilo unaweza kushukuru bila unafiki wowote.

Sasa tulitazame daftari lako. Mwaka 2003 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Robert Emmons na Michael McCullough, walichapisha utafiti ambao katika sehemu yake moja watu waliandika mara moja kwa wiki, kwa muda wa wiki 10, mambo yasiyozidi matano ya kushukuru, nao wakaonekana kuridhika na maisha yao kuliko walioandika kero zao. Kwa hiyo zoezi lenyewe si baya. Lako limechoka kwa sababu unalifanya kila usiku kama mtu anayesaini daftari la mahudhurio, na zaidi ya hapo, kwa sababu maneno uhai, afya na kazi hayana sura ya mtu yeyote. Katika barua yako yote hakuna palipo na uhai kama pale ulipotaja ndala na kisahani, na hayo hukuyaandika kwa ajili ya zoezi; yalikuponyoka tu. Miaka miwili imepita na bado unakumbuka mikono ya jirani yule ilivyokuwa ikifanya kazi. Hiyo, mwanangu, ni shukrani tayari, isipokuwa jirani mwenyewe hajaisikia.

Unaikumbuka habari ya wale kumi wenye ukoma katika Injili ya Luka, sura ya 17. Wote walitakasika wakiwa njiani, wala hatuambiwi kwamba wale tisa walinyang'anywa uponyaji wao. Mmoja tu, naye alikuwa Msamaria, aligeuka akarudi na kuanguka miguuni pa aliyemponya. Mimi kila nikiisoma habari hiyo husimama kwenye neno hilo la kurudi: shukrani yake ilimgharimu mwendo, na mwisho wa mwendo ule alikutana na mtu uso kwa uso. Ndiyo maana sioni kwamba umeniletea mambo matatu tofauti, imani, urafiki na shukrani, yanayohitaji dawa tatu. Naona mlango mmoja ambao hujaubisha.

Najua kwa nini hujaubisha. Jirani yule anakukumbusha chumba cha mgonjwa, na kila mwezi unaopita aibu ya kukawia inazidi. Aibu hiyo inakudanganya. Watafiti Amit Kumar na Nicholas Epley walionyesha mwaka 2018 kwamba watu wanaoandika barua za shukrani hudhani mpokeaji ataona haya kuliko anavyoona kweli, tena hukadiria kidogo mno furaha atakayoipata. Wewe unasema huna rafiki, lakini hebu hesabu nami: kama alikaa kwa mama yako muda wa saa nne tu kila Jumamosi, kwa mwaka ni saa 208. Nyingi kati ya hizo ulikuwa umelala, na kulala kwako ndiko kulikomleta. Mimi mtu wa namna hiyo namwita rafiki, hata kama hamjawahi kuzungumza kwa kirefu.

Nikuulize jambo moja kabla sijaendelea. Je, unakula na kulala vizuri? Ikiwa usingizi umekukimbia, au kuna siku unaona maisha hayana haja ya kuendelea, usingoje. Mwone daktari au mshauri wa afya ya akili wiki hii hii, na mwambie mtu mmoja wa nyumbani akusindikize. Kutafuta matibabu hakuipunguzii imani yako chochote.

Kama uko salama, liweke daftari kando kwa sasa, na Jumamosi hii jioni, kwa saa zile zile alizokuwa akija, nenda kwake. Usiende na hotuba. Mwambie kwamba unakumbuka kisahani. Akilia, lieni pamoja. Akikuuliza ulikuwa wapi muda wote huu, mwambie kweli kwamba ulishindwa kumtazama bila kumwona mama. Kaa naye usikimbilie kuaga. Usiku, ukipiga magoti na maneno yakakataa tena, taja jina la jirani huyo tu, kisha lala. Nami nitangoja barua yako, nijue aliitikaje ulipobisha hodi.